Kompyuta imegota kwenye "grub rescue>" baada ya kufuta partisheni ya swapu

namba_saba

Wakuu, naombeni msaada. Mashine ni ya BIOS ya kizamani, hakuna UEFI (fimwea mpya iliyochukua nafasi ya BIOS). Diski ni moja ya GB 500 yenye jedwali la MBR, na ilipangwa hivi:

```
sda1   Windows, NTFS
sda2   partisheni ya nje, inayobeba zile za ndani
sda5   swapu, GB 8
sda6   /boot, ext4, GB 1
sda7   /, ext4
```

sda5, yaani hiyo swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM), imefutwa kwa GParted kutoka kwenye flashi ya Ubuntu, nafasi yake ikaachwa wazi. Hakuna kingine kilichoguswa. Kuwasha tu, inakuja hii:

```
error: file `/grub/i386-pc/normal.mod' not found.
Entering rescue mode...
grub rescue>
```

Nikiandika help, linux au boot inajibu "Unknown command". Windows nayo haifikiki kwa sababu menyu yenyewe haitokei. Je, data ipo? Na butiloda (programu inayowasha mfumo) inarudishwaje bila kusakinisha mfumo wote upya?

---

mzizi_mkwaju

Data ipo, mkuu. Usisakinishe chochote. Hilo kosa ukilisoma taratibu limeshakutajia ugonjwa.

Kwenye MBR, partisheni za ndani huanzia namba 5, na namba hizo hazijaandikwa popote kwenye diski. Ni mnyororo: kila pete inaelekeza pete inayofuata, na mfumo unazihesabu kila unapowaka. Ukitoa pete ya 5, iliyokuwa 6 inahesabiwa 5, na iliyokuwa 7 inahesabiwa 6. GRUB, ndiyo butiloda yako, haina habari. Siku iliposakinishwa iliandikiwa ndani ya core.img (kiini chake kinachowaka kwanza) kwamba faili zake ziko `(hd0,msdos6)/grub`. Leo msdos6 ni `/` yako. Imeingia humo, imetafuta folda ya /grub, haikuiona, ikakutupa rescue. Ndiyo maana haikusema "no such partition": partisheni ya 6 ipo, ila siyo ile.

Angalia na njia ya faili. Inaanza na /grub, si /boot/grub. Hiyo ni kwa sababu /boot yako ni partisheni ya peke yake, kwa hiyo ukiitazama kutoka ndani yake folda ya grub iko juu kabisa. Maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni huandika /boot/grub, na kwa mpangilio wako hayatafanya kazi hata uyarudie mara kumi.

Rescue inazo amri nne tu: ls, set, unset na insmod. Kitufe cha Tab hakikamilishi chochote, na kibodi inasomwa kwa mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo kama yako ni ya mpangilio mwingine mabano na alama ya = vinaweza kuwa vimehama. Anza hivi:

```
set
ls
ls (hd0,msdos5)/
ls (hd0,msdos6)/
```

Amri ya kwanza itaonyesha prefix ya zamani, ile ya msdos6. Usisahau mkwaju wa mwishoni kwenye ls. Ukiuacha, GRUB inakutajia aina ya mfumo wa faili badala ya kilichomo. Unatafuta partisheni inayoonyesha `grub/` pamoja na faili za vmlinuz na initrd. Kwa hesabu yangu ni msdos5. Ukijaribu msdos1 utapata "unknown filesystem". Usishtuke, hapo moduli ya NTFS haijapakiwa, Windows haijafa.

Kisha:

```
set prefix=(hd0,msdos5)/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal
```

Menyu itatokea. Kutoka hapo grub.cfg (faili ya menyu) inatafuta partisheni kwa UUID, yaani kitambulisho chake, na UUID haibadiliki namba zikihama, hivyo Linux itawaka kawaida. Hayo yote lakini yako kwenye kumbukumbu tu. Ukizima mashine yanapotea. Ukishaingia, fanya ya kudumu:

```
sudo dd if=/dev/sda of=mwanzo-wa-diski.img bs=512 count=2048
sudo grub-install /dev/sda
sudo update-grub
```

Mstari wa dd ni bakapu ya MiB 1 ya mwanzo wa diski. Hifadhi faili hiyo kwenye flashi. Angalizo: ikibidi kuirudisha usiirudishe yote bila kufikiri, kwani sekta ya kwanza ina baiti 446 za msimbo, 64 za jedwali la partisheni na 2 za alama ya mwisho. Ukirudisha baiti zote 512 unarudisha na jedwali la siku ile.

grub-install inaelekezwa kwenye diski, `/dev/sda`, bila namba. Sehemu kubwa ya GRUB, ile core.img, hukaa kwenye uwazi kati ya sekta ya kwanza na mwanzo wa sda1, ambayo kwa kawaida huanzia sekta ya 2048. Ukiandika /dev/sda5 itakugomea kwa maneno "will not proceed with blocklists", na iko sahihi kugoma. Usiilazimishe kwa --force.

---

diski_safi

Njia fupi: tumia flashi ya Windows, fungua dirisha la amri, piga `bootrec /fixmbr`. Windows itawaka, halafu Linux utaishughulikia baadaye.

---

mzizi_mkwaju

@diski_safi hiyo inaweka msimbo wa Windows kwenye zile baiti 446. Windows itawaka, ndiyo, lakini hata huo mlango wa rescue alio nao sasa utafungwa, na atahitaji flashi ya Linux ili arudi. Kwa mtu anayetaka kuifuta Linux ni sawa. Kwa namba_saba ni kurudi nyuma. Na kwenye UEFI amri hiyo haisaidii kitu, maana huko fimwea haisomi msimbo wa MBR.

---

namba_saba

Ilikuwa msdos5 kweli. Menyu imetokea, grub-install imejibu "Installation finished. No error reported." na mashine inawaka yenyewe sasa. Asanteni sana.

Mawili yamebaki. Kwanza, kuwaka kunachelewa mno: inaandika "Gave up waiting for suspend/resume device", halafu inakaa tena kwenye "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/..." ikihesabu hadi 1min 30s. Pili, Windows imepotea kwenye menyu baada ya update-grub.

---

bakapu_kwanza

Hayo mawili ya kuchelewa ni mzimu wa swapu. Partisheni umeifuta lakini jina lake limebaki sehemu mbili, na kila sehemu inaisubiri kwa wakati wake.

Ujumbe wa kwanza unatoka initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia wakati wa kuwaka), inayotafuta swapu ili ione kama kuna usingizi wa diski wa kuamsha. Andika mstari mmoja tu ndani ya `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`:

```
RESUME=none
```

Wa pili unatoka systemd (inayoanzisha huduma za mfumo) inayosoma /etc/fstab, orodha ya partisheni za kupachika, na sekunde 90 ndio muda wake wa kawaida wa kusubiri kifaa. Fungua fstab, tafuta mstari wenye neno swap, weka # mwanzoni. Ukiwa humo kagua kama kuna mstari ulioandikwa kwa /dev/sda6 au /dev/sda7 badala ya UUID. Mifumo iliyosakinishwa zamani huwa nayo, na kwako namba hizo sasa zinaelekeza kwingine. Kagua pia /etc/default/grub: ukikuta `resume=UUID=...` ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX, ifute. Mwisho:

```
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub
```

Ukitaka swapu bila partisheni, kwenye ext4 faili inatosha:

```
sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=4096
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

na kwenye fstab: `/swapfile none swap sw 0 0`. Hiyo ni GB 4. Badili count upendavyo. Kwa btrfs usifuate hili, ina utaratibu wake.

Windows haijapotea. Tangu toleo la 2.06, la 2021, GRUB imeacha kutafuta mifumo mingine yenyewe. Ongeza kwenye /etc/default/grub:

```
GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false
```

Hakikisha kifurushi cha os-prober kipo, kisha rudia update-grub. Utaona mstari wa "Found Windows..." ukipita.

Na kuna moja ambalo watu wa BIOS hulisahau. Kifurushi cha grub-pc kina kumbukumbu yake ya diski gani iandikiwe GRUB inaposasishwa. Iangalie:

```
sudo debconf-show grub-pc | grep install_devices
```

Ikiwa tupu au ikitaja diski ambayo haipo tena, piga `sudo dpkg-reconfigure grub-pc` uchague diski sahihi kwa kitufe cha nafasi. Ukiacha, siku moja sasisho litaweka moduli mpya ndani ya /boot/grub huku core.img kwenye diski ikibaki ya zamani. Hizo mbili hazielewani. Julai 2020, masahihisho ya udhaifu wa BootHole yalipotoka, mashine nyingi ziliamka na "symbol `grub_calloc' not found" kwa sababu hiyohiyo.

---

nvme_mbili

Naomba kuingilia hapohapo. Yangu ni UEFI, Ubuntu pekee, hakuna Windows. Faili zote zimehamishwa kwa rsync kutoka diski ya zamani kwenda NVMe mpya iliyofomatiwa upya: p1 ni ya EFI, p2 ni `/`. Diski ya zamani imetolewa. Sasa inaingia `grub>`, siyo `grub rescue>`, bila kosa lolote. Hatua za juu zinanihusu?

---

shim_na_wenzake

Hazikuhusu, na tofauti ya `grub>` na `grub rescue>` ndiyo inayosema kwa nini. `grub rescue>` ni GRUB iliyokosa moduli zake. `grub>` ni GRUB nzima yenye amri zote, iliyokosa grub.cfg tu. Kwenye UEFI ya Ubuntu faili ya grubx64.efi iliyosainiwa imebeba moduli ndani yake, kwa hiyo rescue huioni mara kwa mara. Na Secure Boot (ulinzi wa fimwea unaoruhusu programu zilizosainiwa tu) ikiwa imewashwa, kupakia moduli kutoka diskini kwa insmod kunakataliwa.

Kilichotokea kwako: ndani ya `/boot/efi/EFI/ubuntu/grub.cfg` kuna mistari mitatu. Wa kwanza unatafuta partisheni kwa UUID, wa pili unaweka prefix, wa tatu unaita grub.cfg kubwa. Ulipofomati p2 upya ilipata UUID mpya. Faili imekuja na rsync ikiwa bado na UUID ya diski iliyotolewa. Ungenakili diski nzima kwa dd, UUID zingekuja nazo na hili lisingetokea.

UUID hiyo ya zamani imeenea: iko pia kwenye grub.cfg kubwa na kwenye fstab, na partisheni ya EFI nayo ina yake mpya. Kwa hiyo kuwasha kwa mkono kutoka `grub>` kunawezekana lakini utaishia emergency mode. Fanya kazi kutoka kwenye flashi.

Washa flashi ya Ubuntu, na kwenye menyu ya fimwea chagua ingizo linaloanza na "UEFI". Kabla ya chochote:

```
ls /sys/firmware/efi
```

Ikisema haipo, flashi imewaka kwa BIOS. Zima uanze upya, usiendelee. Ikiwepo:

```
lsblk -f
sudo mount /dev/nvme0n1p2 /mnt
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
```

Hiyo chroot ya mwisho imekuhamisha: sasa uko ndani ya mfumo wako. Fstab ndiyo ya kwanza, kabla ya GRUB:

```
blkid
nano /etc/fstab
```

Weka UUID mpya ya `/` na ya /boot/efi. Ya EFI ni fupi, tarakimu nne, kistari, tarakimu nne, kwa kuwa ni FAT. Kisha:

```
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi
update-grub
update-initramfs -u -k all
efibootmgr -v
exit
```

Usihangaike kubandua kimojakimoja, `sudo reboot` inatosha.

Makosa unayoweza kukutana nayo:

"failed to get canonical path of `/cow'": umepiga grub-install nje ya chroot, inauona mfumo wa kwenye flashi.

"EFI variables are not supported on this system": aidha flashi imewaka kwa BIOS, au umepachika /sys kwa --bind badala ya --rbind, hivyo efivars haikuingia.

"cannot find EFI directory": p1 haijapachikwa. Hii ikitokea usiunde folda tupu ili uipite. Utajaza faili mahali ambapo fimwea haiangalii.

Kwenye orodha ya efibootmgr tafuta ingizo la ubuntu linaloishia na shimx64.efi, na namba yake iwe ya kwanza kwenye BootOrder. Likikosekana:

```
efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L ubuntu -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'
```

Mikwaju hapo ni ya nyuma, na alama za kunukuu ni lazima, la sivyo ganda la amri litaimeza.

Kuna fimwea zinazosahau maingizo kila diski ikichomolewa, au zisizotaka kuona chochote isipokuwa `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`. Kwa hizo ongeza `--force-extra-removable` kwenye grub-install ya Debian, nakala itawekwa na huko.

---

kofia_bluu

Kwa atakayesoma hapa akiwa na Fedora: kwenye UEFI usipige grub2-install kabisa. Inaunda grubx64.efi isiyosainiwa na kuiweka juu ya iliyosainiwa, na Secure Boot itaikataa. Ndani ya chroot fanya:

```
dnf reinstall shim-* grub2-efi-* grub2-common
grub2-mkconfig -o /boot/grub2/grub.cfg
```

Tangu Fedora 34, `/boot/efi/EFI/fedora/grub.cfg` ni kijifaili cha kuelekeza tu. Ukiielekeza mkconfig huko unaifunika, na hili ndilo kosa la maelekezo ya zamani. Kama `/` ni btrfs, ambayo ni kawaida ya Workstation tangu Fedora 33, pachika kwa `-o subvol=root`, la sivyo utaona folda za root na home tu, udhani mfumo umefutika. Na /boot ni partisheni ya peke yake. Ipachike kabla ya /boot/efi.

---

nvme_mbili

Nimefuata zote. efibootmgr inaonyesha ubuntu wa kwanza, mashine inawaka. Swali dogo: mashine ya pili ina diski iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji wa nenosiri) na LVM (mgawanyo wa diski kwa programu) juu yake. Chroot inabadilika?

---

shim_na_wenzake

Mwanzo tu ndio unaobadilika:

```
sudo cryptsetup open /dev/nvme0n1p3 dm_crypt-0
sudo vgchange -ay
sudo lvs
```

Jina la mwisho kwenye mstari wa kwanza si la kubuni. Lazima lifanane na lililo kwenye /etc/crypttab ya mfumo huo. Hulijui? Fungua kwa jina lolote, pachika, soma crypttab, bandua, `sudo vgchange -an`, funga kwa `cryptsetup close`, kisha fungua tena kwa jina sahihi. Jina lisipolingana, update-initramfs inaweza kujenga initrd isiyojua kufungua diski, na ukiwasha hutaulizwa nenosiri.

Halafu pachika kwa mpangilio huu: `/` kutoka /dev/mapper, kisha /boot, kisha /boot/efi. Ukisahau /boot, keneli na grub.cfg mpya zitaandikwa ndani ya folda tupu ya /boot iliyo kwenye `/`. Kila amri itajibu vizuri, na ukiwasha hakuna kilichobadilika. Kabla ya kupiga grub-install hakikisha kwa `findmnt /boot`. Isipotoa mstari wowote, haijapachikwa.

---

namba_saba

Kuchelewa kumekwisha, Windows imerudi kwenye menyu. debconf ilikuwa tupu kama alivyosema bakapu_kwanza. Sasa inataja diski yangu.